Maisha ya Sir William Osler, Tabibu wa Ukoo wa Farr

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri, alidhani bila shaka kwamba nitamchagua Mendel na njegere zake, kwa kuwa wanafunzi wa Kidato cha Nne wamekwisha choka kunisikia nikimtaja. Safari hii nimemchagua mtu mwingine, naye ni Sir William Osler, tabibu wa Kanada aliyefariki katika mwaka wa 1919. Madaktari wa dunia nzima wanamjua kwa kitabu chake kikubwa cha utabibu na kwa namna alivyofundisha. Mimi nilimjua kwa njia nyingine, yaani kwa makala fupi ya kurasa chache tu aliyoiandika alipokuwa bado kijana, ambayo wengi wanaomsifu hawajapata kuisoma.

Nitasema kwanza sababu yake. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Nilipokuwa darasa la sita alianza kulalamika kwamba kidole gumba cha mkono wake wa kuume hakina nguvu ya kushika mkasi. Baada ya miezi michache nyama ya kiganja, pale chini ya gumba, ikawa imebonyea kama udongo uliochotwa. Hakusikia maumivu. Misuli ya mikono ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Halafu akashindwa kufunga vifungo vya shati lake, yeye aliyekuwa ameshona vifungo vya kijiji kizima. Ikafuata miguu, ukafuata ulimi, mwisho pumzi. Akili yake haikupungua hata kidogo, hivyo aliyaona yote. Na babu, baba yake mama, alikuwa amekufa vivyo hivyo kabla sijazaliwa. Basi watu wakasema ni uchawi, na bibi kizee mmoja jirani yetu akatajwa. Hakuna aliyempiga, lakini hakuna aliyemsalimu tena, hata mwisho akafunga mizigo yake akahama. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakimkimbia njiani. Jambo hilo nimelibeba mpaka leo, na kwa hiyo maisha ya Osler nayasoma kwa jicho la mtu mwenye haja.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1849 katika kijiji cha Bond Head, kilichomo katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Ontario, Kanada. Baba yake, Featherstone Osler, alitumikia kwanza katika jeshi la majini la Uingereza, kisha akawa padre wa Kanisa la Kianglikana, akapelekwa Kanada kuwahudumia walowezi waliokuwa wakifyeka misitu na kujenga nyumba za magogo. Watoto wa nyumba ile walikuwa tisa. Mnamo mwaka wa 1857 padre akahamia mji wa Dundas ili watoto wapate shule nzuri zaidi.

Sasa wanafunzi wangu wasidhani kwamba mtu huyu mkubwa alikuwa mtoto mtulivu. Husimuliwa kwamba asubuhi moja mwalimu alifungua darasa akakuta limejaa mabata bukini. Siku nyingine madawati yote yalikutwa yamepandishwa darini. William alihusika, na hatimaye akafukuzwa shule kwa kumtolea mwalimu maneno ya utovu wa adabu kupitia tundu la ufunguo. Hata katika shule nyingine aliyopelekwa baadaye, yeye na wenzake walimtesa mtunza nyumba wa shule kwa moshi wa vitu vikali waliovichoma chini ya chumba chake, wakafikishwa mahakamani Toronto na kulala rumande siku chache. Ndugu yake aliyekuwa mwanasheria ndiye aliyewatetea. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, wala si kwa sababu Mwalimu Mkuu amebadili kanuni za shule.

Kilichomgeuza hakikuwa fimbo. Mwanzilishi wa shule ile ya pili, iliyokuwa Weston, alikuwa padre aitwaye William Arthur Johnson, naye alipenda mimea, wadudu, mawe ya kale na hasa hadubini. Siku za mapumziko aliwachukua wavulana mabwawani kuteka maji, wakarudi nayo, wakayatazama chini ya kioo mpaka wakaona viumbe ambavyo jicho haliwezi kuviona. William akakamatwa na hadubini kama samaki na ndoana. Kwa Johnson akajuana pia na tabibu mmoja wa Toronto, James Bovell, aliyekuwa na vitabu vingi akamruhusu kijana kuvisoma apendavyo.

Wazee wake walitumaini atakuwa padre, naye mwaka 1867 aliingia chuo cha Trinity huko Toronto kwa nia hiyo. Baada ya mwaka mmoja alibadili shauri akasomea utabibu, kwanza Toronto, kisha katika Chuo Kikuu cha McGill kilichoko Montreal, akapata shahada yake katika mwaka wa 1872. Kutoka hapo akavuka bahari, akasoma London, Berlin na Vienna. Alipokuwa London alivichunguza vile visahani vidogo vidogo vya damu vinavyosaidia damu kuganda, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvieleza sawasawa. Alikuwa na miaka 24 tu.

Mwaka 1874 akarudi McGill kufundisha. Miaka kumi aliyokaa Montreal ndiyo naiona kuwa shina la kazi zake zote, ijapokuwa sifa kubwa alizipata baadaye mahali pengine. Alitumikia wodi ya wagonjwa wa ndui, akaambukizwa mwenyewe, bahati njema ukampata kwa wepesi. Na katika hospitali kuu ya mji huo alipasua maiti karibu mia nane, akiandika kila alichokiona. Fikirini: maiti karibu mia nane, na kila mara swali lile lile, ugonjwa huu ulikaa wapi mwilini, na mbona tulipokuwa na mgonjwa hai hatukuuona?

Hapo ndipo nifike kwenye ile makala. Jimbo la Vermont la Marekani limepakana na Kanada, wala si mbali na Montreal. Huko palikuwa na ukoo ulioitwa Farr. Osler akapata kumchunguza mtu mmoja wa ukoo huo ambaye misuli yake ilikuwa ikinyauka. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni kwa madaktari. Mfaransa mmoja, Aran, alikuwa amekwisha uandika mwaka 1850, na mwenzake Charcot wa Paris, kuanzia mwaka 1869, alikuwa ameonyesha kwa kupasua maiti kwamba kosa halimo katika misuli yenyewe. Limo katika seli fulani za mishipa ya fahamu, zilizopangwa ndani ya uti wa mgongo, ambazo kazi yake ni kupeleka amri kwa misuli, na pia katika njia za fahamu zinazoshuka kutoka ubongoni. Seli hizo zikifa, msuli haupati amri, nao hunyauka kama mgomba uliokatiwa mfereji wa maji. Seli za kusikia, kuona na kugusa huachwa salama, na ndiyo maana mjomba wangu aliweza kuhisi nzi akitua mkononi mwake lakini hakuweza kumfukuza.

Charcot alikuwa bwana mkubwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, naye hakuuhesabu ugonjwa huu katika maradhi ya kurithi. Kwa wagonjwa walio wengi alisema kweli, na nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu walishike neno hili: katika kila wagonjwa kumi wa namna hii, karibu tisa hawana ndugu mwingine aliyeugua. Mtu mmoja akiugua katika ukoo mkubwa, haifuati kwamba watoto wake wako hatarini.

Lakini Osler hakuishia kwa yule mmoja. Aliuliza habari za wazazi wake, za ndugu zake, za baba wadogo na mashangazi, za waliokwisha kufa na namna walivyokufa. Alipomaliza kuhesabu alipata watu 13 wa ukoo mmoja, katika vizazi viwili, wanaume kwa wanawake, waliopatwa na ugonjwa huo huo. Akaichapisha habari hiyo mwaka 1880 katika jarida moja la utabibu la New York, na katika kichwa cha makala akaliweka wazi neno la urithi.

Ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, tazama mwaka wake. Mendel alikuwa amekwisha piga chapa maandishi yake juu ya njegere mwaka 1866, lakini yalilala makabatini bila kuangaliwa mpaka mwaka 1900. Neno jeni lenyewe halikuwapo. Lilibuniwa mwaka 1909. Basi Osler hakuwa na kanuni yoyote ya kumwongoza. Alikuwa na orodha ya majina tu, na subira ya kuuliza. Mjomba wangu alipopelekwa hospitali, hakuna aliyemwuliza habari za babu. Wala sisi hatukusema, kwa kuwa katika ukoo wetu kifo cha babu kilikuwa jambo la kunong'onwa jikoni.

Sasa niwe mwalimu kidogo. Kila mtu amepewa jeni zake mbili mbili, moja ya mama na moja ya baba. Katika ukoo kama wa Farr, jeni moja mbovu yatosha kuleta ugonjwa, hata kama mwenzake ni nzima. Hiyo ndiyo tunayoiita jeni tawala. Mzazi mwenye jeni mbovu moja na nzima moja humpa kila mtoto moja kati ya hizo mbili, kama mtu arushaye sarafu. Wanafunzi wengi hukosea hapa katika mtihani. Wanaandika kwamba mzazi akiwa na watoto wanne, ni lazima wawili waugue. Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoangukia jana. Kila mtoto anarushiwa yake mpya, na yawezekana wote wanne wakapona, na yawezekana wote wanne wakapatwa. Kadhalika, mtoto asiyeirithi jeni mbovu hana cha kuwapa watoto wake. Kwake mnyororo umekatika.

Kuna jambo jingine linalowadanganya watu. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza mtu akiwa mtu mzima, aghalabu amekwisha oa na kuzaa. Mtu mwenye jeni mbovu aweza kufa kwa malaria au kwa ajali akiwa na miaka 30, hana dalili hata moja, na watoto wake wakaja kuugua baadaye. Hapo ukoo husema ugonjwa umeruka kizazi, na mwenye kupenda kusikia habari za laana hupata nafasi ya kusema. Kumbe haukuruka, bali ulipita kimya.

Nirudi kwa Osler. Mwaka 1884 alikuwa Leipzig, Ujerumani, alipoletewa habari kwamba anaitwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Alipenda Montreal, alipenda pia kwenda, akashindwa kuamua. Basi akarusha sarafu, ikamwamuru aende Philadelphia. Akakaa huko miaka mitano, kisha mwaka 1889 akaitwa Baltimore, katika hospitali mpya ya Johns Hopkins. Chuo chake cha utabibu kilifunguliwa mwaka 1893, kikapokea wanawake sawa na wanaume tangu siku ya kwanza, maana akina mama waliochanga fedha za kukifungua waliweka sharti hilo. Wasichana wetu wa mkondo wa sayansi walijue hilo.

Huko Baltimore ndiko alikobadili ufundishaji. Kabla yake wanafunzi wa utabibu katika nchi ile walikuwa wakikaa katika kumbi na kusikiliza, na wengine walihitimu bila kumgusa mgonjwa. Osler aliwatoa ukumbini akawapeleka kando ya kitanda, kila mwanafunzi akapewa wagonjwa wake wa kuwaangalia, kuwauliza na kuandika habari zao. Mwaka 1892 kilitoka kitabu chake cha kanuni na matendo ya utabibu, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa madaktari wa nchi nyingi. Mwaka huo huo akamwoa Grace, mjane wa tabibu mwenzake.

Maradhi ya koo hayakumtoka akilini. Mwaka 1894 alitoa kitabu juu ya maradhi ya kutetemeka na kuchezacheza viungo, akampa heshima yake kijana George Huntington, ambaye mwaka 1872, akiwa na miaka 22, alieleza ugonjwa mmoja wa kurithi alioujua huko Long Island. Huntington aliweza kuuona kwa sababu baba yake na babu yake pia walikuwa matabibu katika wilaya ile ile, wakiziangalia familia zile zile kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1901 Osler mwenyewe aliandika juu ya watu wa familia moja moja wanaotokwa na muhina mara kwa mara, huku ngozi yao ikiwa na vimishipa vidogo vya damu vilivyovimba. Ugonjwa huo hata leo unaitwa kwa jina lake pamoja na majina ya Rendu na Weber. Nao ni wa jeni tawala, kama ule wa Vermont.

Kosa lake moja lililojulikana sana nalo nilitaje. Mwaka 1905, akiagana na Baltimore ili aende Oxford kuwa profesa mkuu wa utabibu, alitoa hotuba ambamo alifanya mzaha juu ya wanaume waliopita miaka 60, kwamba hawana faida tena na ingekuwa heri kuwalaza kwa dawa ya usingizi. Magazeti yakauchukua mzaha kuwa shauri la kweli, akamiminiwa barua za matusi. Mimi ninayekaribia umri huo nadhani mzaha ulikuwa mbaya, hasa kwa mtu aliyekaa miaka mingi kando ya vitanda vya wazee. Mwenyewe alikuwa na miaka 55 wakati ule, naye aliendelea kufanya kazi baada ya kupita 60.

Oxford alipendwa, na nyumba yake haikukosa wageni, hasa vijana waliotoka Marekani na Kanada. Mwaka 1911 mfalme akampa cheo cha ubaroneti, akawa Sir William. Lakini nyumbani huzuni ilikuwa inamngoja. Mtoto wake wa kwanza na Grace alikuwa amekufa mwaka 1893, siku chache baada ya kuzaliwa. Wa pili, Revere, aliyezaliwa mwaka 1895, alikua akapenda vitabu na uvuvi wa samaki. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja akajiunga na mizinga, na mwezi wa Agosti 1917 akajeruhiwa karibu na Ypres, Ubelgiji. Madaktari waliokuwa marafiki wa baba yake, miongoni mwao Harvey Cushing, walifika kando ya kitanda chake, lakini hawakuweza kumwokoa. Alikuwa na miaka 21. Osler aliendelea kupokea wageni na kutibu, lakini waliomjua waliona kwamba kitu kimevunjika. Akaugua ugonjwa wa mapafu, akafa Oxford tarehe 29 Desemba 1919, na hakuacha mtoto. Vitabu vyake, karibu 8,000, aliviusia kwa McGill, na majivu yake yamewekwa huko huko, katika maktaba yenye jina lake.

Mtu akifa, kwa kawaida maisha yake yamekwisha na mwandishi anaweka kalamu chini. Makala ile ya mwaka 1880 haikufa. Mwaka 1951 tabibu mmoja wa Marekani, M. R. Brown, alirudi kwa ukoo wa Farr na ukoo mwingine wa sehemu zile, akaonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ungali unashuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba unafuata kanuni ya jeni tawala barabara. Ilibaki kuijua jeni yenyewe. Mwaka 1991 wataalamu waliochunguza koo nyingi zenye ugonjwa huu walipata kwamba kwa baadhi yake jeni ile inakaa katika kromosomu ya 21. Mwaka 1993 wakaikamata. Katika koo 13 walikuta makosa 11 mbalimbali ndani ya jeni moja iitwayo SOD1. Na wazao wa wale Farr wa Vermont walipopimwa, walikutwa na kosa moja katika jeni hiyo hiyo.

Kosa lenyewe ni dogo hata mtu asingelidhania. Jeni ya SOD1 ni agizo la kutengeneza protini moja yenye vipande 153 vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Katika ukoo ule, shanga ya nne si ile inayotakiwa: badala ya alanini imewekwa valini. Shanga moja tu! Protini hii kazi yake ni kulinda seli na sumu fulani itokanayo na hewa tunayoitumia mwilini. Watu walidhani kwanza kwamba seli hufa kwa kukosa ulinzi huo. Baadaye ikaonekana kwamba protini yenye kosa hujikunja vibaya na kushikamana mabonge mabonge, na yenyewe ndiyo inayokuwa sumu kwa seli za mwendo. Kosa hili la shanga ya nne ni kali. Mara dalili zianzapo, wagonjwa wengi hawafikishi miaka miwili. Katika Marekani ya Kaskazini ndilo linaloonekana zaidi kuliko makosa mengine ya jeni hiyo.

SOD1 si jeni pekee. Mwaka 2011 iligunduliwa nyingine, katika kromosomu ya 9, ambayo katika watu wa asili ya Ulaya ndiyo inayoleta sehemu kubwa zaidi ya ugonjwa huu wa kurithi. Ziko na nyingine nyingi. Lakini kwa wenye kosa la SOD1 lilitokea jambo mwaka 2023: Marekani ikaruhusu dawa iitwayo tofersen, ambayo hudungwa kwa sindano katika maji ya uti wa mgongo, kila mwezi baada ya dozi za mwanzo. Dawa hiyo huzuia agizo la jeni lisifike mahali protini inapotengenezwa, na hivyo protini mbovu ikapungua. Haiponyi, wala haifai kwa mgonjwa asiye na kosa katika jeni hiyo. Hata hivyo, tangu Aran mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 173, na hapakuwa na dawa hata moja iliyoelekezwa kwenye chanzo cha ugonjwa katika ukoo wowote.

Watu wazima wa koo kama hizo sasa waweza kupimwa damu wakiwa wazima, wajue kama wameirithi jeni mbovu. Wengine hutaka kujua, wengine hukataa, na wote wana haki. Watoto hawapimwi kwa maradhi yanayoanza ukubwani; huachwa wakue waamue wenyewe. Mtu akiniuliza mimi ningefanyaje, nasema sijui. Mama yangu ana miaka 81 na bado anachambua mchele kwa vidole vyake, kwa hiyo kwa hesabu ya sarafu yaelekea sana kwamba hakuirithi kwa babu, na mimi sina cha kuogopa. Lakini mjomba aliacha watoto wanne. Ni rahisi kwangu kutoa shauri, kwao si rahisi.

Likizo ya mwezi wa Desemba mmoja wa hao binamu zangu alikuja kwangu. Tulikaa na mama sebuleni, tukachora ukoo wetu kwenye karatasi ya manila, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na kivuli kwa waliougua. Mama, ambaye kwa miaka yote hakutaka kumtaja babu, alitaja na dada yake babu, aliyekufa akiwa hawezi kumeza, ambaye mimi sikupata kumsikia. Kwa hiyo vivuli ni vitatu. Binamu aliichukua karatasi ile aende nayo kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa, na mpaka ninapoandika haya bado anangojea siku yake.

Siku mbili baadaye nilipanda basi nikaenda mahali alikohamia yule bibi kizee. Amekwisha kufa siku nyingi. Nilimkuta binti yake, mtu mzima wa makamo yangu, nikamweleza habari ya mjomba na babu na dada yake babu, na kwamba ugonjwa ulikuwa wetu wenyewe tangu mwanzo, na nikaomba radhi kwa niaba ya watu wa kwetu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniletea chai. Hakusema kama amesamehe, nami sikumwuliza.

Chati ya urithi wa jeni tawala, ambayo nimeichora upya bila majina, imetundikwa ukutani katika maabara ya baiolojia karibu na dirisha. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu nao wanaruhusiwa kuja kuitazama saa ya mapumziko.